Moshi wa Kila Nyumba

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nasikia harufu ya moshi kwenye nguo zangu. Nilikuwa msichana, sijaolewa, miguu bado inapanda mlima bila kuomba ruhusa, na nyanya yangu alinishika mkono hapa juu, akaubana, akaniambia nisimame wima mbele ya wageni. Nitakufikisha kwenye siku hiyo, mwanangu, lakini polepole. Wewe kunywa chai. Na hiyo simu unayoichungulia chini ya meza, iweke mfukoni. Mimi ni mzee, si kipofu.

Nimekuita kwa sababu nimesikia Alhamisi mnakwenda Nakuru, wewe na wenzako mliochaguliwa na ukoo, kukutana na hao watu wanaotaka kujenga kambi ya watalii kwenye msitu wetu. Nimesikia wamewajia kwa heshima. Wamesema muwaonyeshe mahali penu patakatifu, watapawekea alama kwenye ramani, na hapo hawatapagusa kamwe. Na nimesikia mmefurahi, tena mmeanza kuvutana ni mahali gani mtaje, ili mkifika huko muwe na neno moja. Basi kaa vizuri, kwa maana maneno hayo niliyasikia kabla mama yako hajazaliwa, na aliyekuwa anayasema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa babu yako Kiptoo, kaka yangu.

Tulikuwa tunaishi hapa hapa, kwenye mteremko huu wa Mau, juu ya Elburgon. Nyumba zilikuwa chache, viazi kidogo, mbuzi kidogo, na msitu ndio uliokuwa ghala letu. Kila nyumba ilikuwa na sehemu yake ya msitu na mizinga yake, na hapakuwa na ua wala seng'enge. Ulijua mwisho wa sehemu yako kwa kijito, kwa jiwe, kwa mti uliopigwa na radi zamani. Nyuki walianza huku chini maua yakichanua, wakapanda nayo mpaka kule juu kwenye mianzi, na watu wakawafuata.

Sasa, kuna jambo ambalo sina hakika kama baba yako alikueleza sawasawa, maana yeye na kazi yake ya mashamba ya maua kule Naivasha hata kupumua hana nafasi. Sisi Ogiek wa mteremko huu hatukuwa na makaburi ya pamoja kama ya kanisani. Mtu akifa alilazwa chini ya mti ulio hai, karibu na pale alipofia, na mti ule ukawa wake. Watoto wake walitundika mzinga mmoja juu ya mti huo, na asali ya mzinga huo hairinwi. Ni ya mwenyewe. Nyuki wanakaa, wanakula, wanaondoka, wanarudi, na hakuna mkono unaoingia humo.

Na jambo hilo halitangazwi. Kila nyumba inajua miti yake na haiulizi ya wengine. Ukipita msituni na jirani, ukifika mahali pako unanyamaza kidogo, basi. Naye kama ana adabu hakuulizi mbona umenyamaza. Baba yetu mimi na Kiptoo alikuwa amelala mbali, kule juu mianzi inapoanzia, chini ya mtarakwa mmoja mkubwa. Alituacha tukiwa wadogo, kifua kilimmaliza. Mama alikuwa akitupeleka pale mara chache, tunasimama, tunarudi, na njiani hakuna anayeongea.

Ilikuwepo pia chemchemi, ile ile unayoijua. Hapo wazee walikutana kuomba mvua na kubariki watoto. Chemchemi ilikuwa ya wote, na hata watu wa nje waliijua kwa sababu wakati wa ibada zile watu walijaa mpaka barabarani.

Basi akaja bwana mmoja wa kampuni ya mbao. Usidhani alikuja kwa ubaya wa uso, la. Alikuwa na adabu kuliko vijana wengi wa siku hizi, na sikutaji. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, akaleta sukari kwa kina nyanya, akajifunza hata kusema Kogo, ambalo ndilo neno letu la nyanya. Kwenye mkutano wa chifu akasimama akasema kwamba mteremko huu wote utafyekwa, upandwe miti ya mbao kwa mistari, na kazi zitapatikana. Lakini kampuni yake inaheshimu mila. Tumwonyeshe mahali petu patakatifu, naye atapazungushia seng'enge na posti nzuri, bila sisi kutoa chochote, na pale ndani patakuwa petu daima.

Watu walipiga makofi. Haki ya Mungu, walipiga. Ulikuwa umezoea kuambiwa ondoka, halafu huyu anakuambia baki na kipande chako. Uchovu nao unaweza kumfanya mtu ashukuru kwa kitu cha ajabu sana.

Kiptoo alikuwa wa kwanza nyumbani kwetu kumaliza sekondari, na vijana wote walimsikiliza. Sikuambii alikuwa msaliti, maana hakuwa. Alikuwa halali usingizi kwa ajili ya ardhi hii. Aliwaita vijana wakakaa nyuma ya shule, nami nilikuwepo, na mambo yakaharibika mara moja. Huyu anasema patakatifu ni karibu na kwao, yule anasema ni kule bondeni, mwingine anakasirika lakini hasemi ni wapi, anasema tu hapo mlipotaja sipo. Kiptoo akapiga kelele wanyamaze. Akasema tukienda mbele ya yule bwana na midomo mingi hivyo, tutaonekana waongo, watacheka, watasema hawa hawajui hata wanachodai. Ni lazima tukubaliane mahali pamoja, na mahali penyewe ni chemchemi. Wakabishana mpaka wakachoka, wakakubali. Mimi niliona kaka yangu ana akili kama za wakili.

Alimwendea yule bwana siku hiyo hiyo akamwambia ni chemchemi, na bwana akasema kesho asubuhi lori litafika na posti.

Jioni hiyo, jua bado liko juu kidogo, Kiptoo akaja kumpa habari nyanya yetu, Kogo Tabutany. Huyo ndiye aliyetulea baada ya baba, yeye na mama. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa na tabia ya kuendelea na kazi yake ukimwambia jambo kubwa, mpaka unadhani hajasikia. Siku hiyo alikuwa anamenya viazi nje ya jikoni. Mama alikuwa ndani akipuliza moto. Kiptoo akasimama mbele yake akaeleza yote, seng'enge, posti, chemchemi, na akamaliza kwa furaha kwamba mwishowe vijana wamekubaliana.

Kogo akamaliza kiazi kilichokuwa mkononi, akakitia kwenye maji.

"Nani aliwaambia mkubaliane?"

Kiptoo akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Akamwambia tusipokuwa na neno moja watatucheka. Kogo akachukua kiazi kingine.

"Baba yako amelala pale chemchemini?"

 Humo ndani nilisikia mama ameacha kupuliza moto.

"Nimekuuliza. Amelala pale?"

"Hapana, Kogo."

"Basi kesho ukipita kwake umwambie kwamba yeye yuko nje ya seng'enge. Umwambie ni wewe uliyempimia."

Hakupaza sauti. Nami nilitamani angepaza, maana maneno yale yalinichoma hata mimi ambaye sikuulizwa. Kiptoo alijaribu kujitetea. Alisema afadhali kupata kidogo kuliko kukosa vyote, alisema mzee hawezi kujua mambo ya kampuni, alisema mengi. Kogo akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba mtu akikuuliza mahali pako pa maana ni wapi, amekwisha kuamua kuchukua kwingine kote, anataka tu wewe umsaidie kuchora mstari. Akamwambia wale vijana waliobishana nyuma ya shule walikuwa wanasema kweli wote, kila mmoja ya kwao, na yeye ndiye aliyewanyamazisha. Kiptoo akaondoka amekasirika, hata viazi hakula.

Alipokwisha kuondoka Kogo akaniita. Akaniambia nipite nyumba zote za mteremko kabla giza halijaingia. Nisimuulize mtu mti wake uko wapi, ole wangu nikiuliza. Niwaambie tu kwamba kesho lori likifika, kila nyumba iende kwa mtu wake aliyelala msituni na kuwasha moshi wa nyuki. Unaujua moshi huo, ule wa zile ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye miti mizee, zikiwa na unyevu, zimefungwa ndani ya gome la mtarakwa. Hauwaki moto, unatoa moshi mweupe mzito tu, ndio tunaotumia kuwatuliza nyuki wakati wa kurina.

Nilizunguka mpaka miguu ikauma. Wengine walikubali haraka, wengine waliniangalia tu. Mzee mmoja, jirani yetu wa upande wa bondeni, alikataa kabisa. Alisema huko ni kuanika siri ya nyumba. Nilirudi kwa Kogo karibu nalia, nikamweleza. Akasema rudi umuulize, kwani moshi unataja jina la mtu? Nikarudi nikamuuliza. Mzee akafunga mlango wake bila kunijibu, na nililala sijui kesho itakuwaje.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa kwenye mteremko kiasi kwamba mbuzi unamsikia humwoni. Lori likapanda likilia, likasimama karibu na chemchemi, na wafanyakazi wakaanza kushusha posti. Zilikuwa posti nzuri, nisidanganye, zimenyooka, zimepakwa dawa. Chifu alikuwepo, yule bwana wa kampuni alikuwepo, na Kiptoo na vijana wachache walikuwa wamesimama pale kama wenye arusi. Shimo la kwanza likachimbwa, posti ya kwanza ikasimamishwa, udongo ukashindiliwa.

Ndipo Kogo alipofika, na buti zake za mpira, ameushika mkono wangu. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Kiptoo aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Aliogopa nitamwaibisha, nami niliogopa hivyo hivyo. Kogo akanibana mkono, akaniambia nisimame wima, kisha akamwomba yule bwana apande naye kwenye mwamba ulio juu ya chemchemi, mahali ambapo mteremko wote unaonekana. Bwana alikubali, kwa heshima yake ile ile. Tukapanda, na Kiptoo na chifu wakatufuata.

Hakukuwa na kitu cha kuona. Ukungu tu. Tukasimama. Chifu akakohoa, akaangalia saa. Wafanyakazi chini walikuwa wameketi juu ya posti wakipiga soga. Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimengoja hospitali ya Nakuru huku mwanangu akipasuliwa, lakini kungoja kule juu ya mwamba bado nakuhesabu kati ya kungoja kugumu nilikowahi kupitia.  Kogo alikuwa anatafuna kitu fulani, sijui ni nini, labda hakuna.

Jua likapata nguvu, ukungu ukaanza kufunguka kutoka chini. Na huko bondeni, kwenye sehemu ya yule mzee aliyenifungia mlango, moshi mweupe ukapanda kati ya miti. Mmoja, umenyooka. Kisha mwingine kando ya kijito. Kisha katikati, kisha upande wa kulia ambako sikujua kabisa kwamba kuna mtu wa mtu. Ukungu ulivyozidi kuondoka ndivyo tulivyozidi kuona, mpaka ukikosa kuuona moshi mahali unajua ni jicho lako tu.

Yule bwana akauliza kama ni siku ya kurina asali. Nikamfasiria Kogo.

"Mwambie hapana," akasema. "Mwambie hao ndio wenyewe. Sasa aanze kuweka posti."

Nikamwambia. Akaangalia chini, akaangalia juu, akaangalia yale marundo ya posti pale chemchemini. Akaniuliza kwa sauti ya chini, wote hawa? Nikamfasiria Kogo tena.

"Muulize ni nani kati yao anataka amwache nje."

Nililifasiri hilo lote.  Kwa hakika nilimwonea yule bwana huruma kidogo, maana alikuja na nia aliyoamini ni njema.

Babu yako Kiptoo hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameelekeza uso kule juu kabisa, mianzi inapoanzia. Kulikuwa na moshi pale. Sikumwambia mama aende, sikuthubutu, na mama hakusema lolote tangu jioni ile. Goti lake lilikuwa bovu, hata kwenda kisimani alikuwa akipumzika njiani. Lakini alikuwa ameamka gizani peke yake, akapanda mpaka kwa baba, akawasha.

Kiptoo akaketi juu ya mwamba akalia. Mbele ya chifu, mbele yangu mimi mdogo wake. Halafu akafuta uso kwa kiganja, akashuka mpaka chemchemini, akaikumbatia ile posti iliyokwisha kusimamishwa, akaitikisa mpaka ikang'oka, akaitia begani na kuirudisha kwenye lori. Vijana wengine walimwangalia, kisha mmoja akainama akabeba yake, na mwingine. Yule bwana hakuwazuia. Wafanyakazi wenyewe wakasimama wakasaidia.

Usifikiri mambo yaliisha pale, kama hadithi za redio. Walirudi. Mara kwa upole, mara kwa vitisho, mara kwa mtu mwingine mwenye suti nyingine. Na kila mara swali lilikuwa lile lile, onyesheni ni wapi, na jibu letu lilikuwa lile lile, njoo asubuhi uangalie. Babu yako ndiye aliyekuwa akilijibu, tena kwa Kiingereza kizuri. Mwishowe wakachoka, wakaenda upande wa pili wa kilima. Kule watu walikuwa wamekubaliana.

Ukivuka kilima utapaona mahali pao hata leo. Katikati ya visiki na mashamba ya viazi kuna kichaka cha miti michache, kimezungushiwa seng'enge, na posti bado ni nzima, kampuni haikudanganya. Mbuzi wanajikuna kwenye posti hizo. Nyuki waliondoka zamani, kwa sababu nyuki hawezi kuishi kwenye sehemu ndogo kama hiyo. Siwacheki watu wale, wengine tumeoana nao. Walifanya walichodhani ni busara.

Sasa nisikilize vizuri, maana chai imekwisha na wewe una boda boda inakungoja. Msikubaliane mahali pamoja. Neno moja mnalotakiwa kuwa nalo ni kwamba hatuondoki, na hilo lisemeni kwa sauti moja mpaka koo ziwaume. Lakini mahali ni pengi, na kila nyumba ibaki na pake. Wakiwaambia mnapingana, msione haya. Waulizeni, kama Kogo Tabutany alivyouliza, ni nani wanataka wamwache nje ya ramani yao. Na kabla ya Alhamisi kila mmoja wenu arudi kwao, ashike mkono wa mzee wake, apelekwe akasimame mahali penyewe. Mtu asiyejua mtu wake amelala wapi, akionyeshwa ramani atakubali kitone chochote.

Wewe nawe usijifanye unatafuta viatu. Babu yako tulimlaza mwaka jana kule juu, kando ya baba, kama alivyoomba. Mzinga wake alijichongea mwenyewe, mikono ikitetemeka, na akasema utatundikwa na mjukuu wake. Ulisema utakuja wikendi. Ni wikendi nyingi sasa. Mzinga uko pale nyuma ya mlango, unaona? Naweka ndoo juu yake, Mungu anisamehe.

Uchukue leo. Mwambie huyo wa boda boda arudi kesho. Panda nao mpaka kwenye mianzi, uwashe moshi kwanza, kisha uutundike, na ukimaliza usiseme kitu, simama tu kidogo. Ukienda Nakuru baada ya hapo, hakuna mtu atakayekufundisha la kusema.

Lete kifua chako hapa nikutemee asali ya baraka, kama Kogo alivyonitemea mimi. Nyuki wakupokee bila kukuuma. Waliolala juu wakujue kwa hatua zako. Ulimi wako usikwame mbele ya wakubwa, na ukirudi ukute msitu mahali ulipouacha, na mimi nikiwa nimeketi hapa, nikiangalia juu nione moshi wa Kiptoo.